Shtaka na Hukumu: Mwana wa Kike katika Riwaya za Kiswahili

Methali yasema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maana yake yajulikana kwa kila mtu aliyelelewa katika lugha hii, lakini aghalabu haisemwi kwamba ndani yake mna hukumu mbili. Ya kwanza ni ya mama: yeye peke yake ndiye atajwaye kuwa mwalimu wa nyumbani, na mtoto akiharibika lawama ni yake. Ya pili ni ya mtoto: ulimwengu utamfunza, na mafunzo ya ulimwengu hayana huruma. Baba hatajwi. Katika muda wa miaka kumi hivi, tangu 1971 mpaka 1980, waandishi watatu wa riwaya za Kiswahili waliishika methali hii wakaigeuza. Walisema kwamba mtoto, hasa mtoto wa kike, aweza kuharibiwa na baba, na kwamba nyumba iliyofungwa kwa makomeo yaweza kuzaa upotevu mwingi kuliko nyumba iliyo wazi. Hilo lilikuwa neno la ushujaa katika wakati wake. Walakini nusu ya pili ya methali waliiacha kama walivyoikuta: mwana wa kike hutoka nje, na ulimwengu humfunza kwa kumvunja.

Insha hii yakusudia kuzipima riwaya hizo kwa mizani ya mambo mawili ambayo wasomaji wengi huyachanganya, nayo ni shtaka na hukumu. Shtaka ni lile linalosemwa na riwaya juu ya jamii: ni nani mwenye kosa, na kosa lake ni lipi. Hukumu ni lile linalotendwa na hadithi yenyewe: ni nani apatwaye na adhabu mwishoni, na ni nani aendaye zake salama. Kitabu chaweza kuwa na shtaka la haki na hukumu ya dhuluma. Tena yaweza kutokea kwamba msomaji asahau shtaka, ambalo ni maneno, akakumbuka hukumu, ambayo ni picha ya msichana aliyelala maiti.

Kabla ya riwaya kulikuwa na tenzi, na hapana budi kuanzia huko. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao mpaka leo unahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za fasihi ya pwani. Humo mume amepewa daraja ya juu, na radhi yake imefungamanishwa na mwisho mwema wa mke katika Akhera. Wanazuoni wamekhitilafiana mintarafu ya utenzi huo. Wako waliosoma ndani yake utiifu mtupu. Na wako waliosoma werevu wa mama mgonjwa anayemwonyesha binti yake namna ya kuishi karibu na mwenye nguvu pasipo kuvunjika. Kwa vyovyote vile, wasia huo umejengwa juu ya tumaini kwamba nyumba atakayoingia binti ni nyumba yenye stara. Haukutungwa kujibu swali la binti ambaye nyumba yenyewe ndiyo adui yake. Swali hilo lilingoja zaidi ya miaka mia moja, na walioliuliza kwa sauti kubwa walikuwa watunzi wa riwaya.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Aliwaweka watu wake Namagondo, kijiji alichozaliwa yeye mwenyewe katika kisiwa cha Ukerewe. Zakaria ni baba mlevi. Regina, mkewe, ndiye alimaye, ndiye aleaye, na ndiye apigwaye. Rosa, binti yao, ni msichana mwenye akili anayependwa na kijana wa jirani, Charles. Barua ya kijana huyo ilipoangukia mikononi mwa Zakaria, baba hakuuliza lililomo moyoni mwa mwanawe, alimpiga. Tangu hapo Rosa aliwaogopa wanaume wote, na hofu hiyo ikachukuliwa na watu kuwa ndiyo adabu.

Hapa ndipo penye ufahamu mkubwa wa mwandishi. Hofu si adabu, ijapokuwa kwa macho ya jirani hufanana nayo. Adabu ni elimu ambayo mtu huichukua aendako. Hofu hukaa pale alipo mwogopwa. Rosa alipofika katika shule ya bweni ya wasichana, na baadaye katika chuo cha ualimu, akawa mbali na fimbo ya Zakaria. Hofu ilipomtoka hapakuwa na kitu chini yake, kwa sababu hakufundishwa lolote juu ya mapenzi, juu ya mwili wake, wala juu ya hila za wanaume, ila kuogopa tu. Wanaume aliokutana nao walikuwa na vyeo na mishahara, na mkuu wa chuo, aliyewekwa mahali pa mzazi, alikuwa mmoja wao. Shtaka la riwaya, basi, ni zito na lina washtakiwa wengi: baba aliyeifanya nyumba kuwa gereza, na wakubwa wa dunia ya nje walioufanya uhuru wa msichana kuwa windo.

Lakini jambo lenye kuumiza zaidi katika riwaya hiyo halimhusu Zakaria wala mkuu wa chuo. Lamhusu Charles. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza, ile iliyomponza msichana. Naye ndiye anayerudi mwishoni akiwa mchumba. Rosa alikuwa amekwisha kuacha mwenendo wake wa zamani, na ndoa ilikuwa mbele yake kama mlango wa kutokea. Charles alipojua kwamba hakuwa bikira alimwacha. Baba mlevi wa kijijini na kijana msomi wa zama mpya wakakutana katika fikira moja: kwamba mwili wa mwanamke ni amana ya mwanamume, na kwamba mwanamke aliyeipoteza amana hiyo hana kingine cha kuhesabiwa. Mmoja alipiga, mwingine aliondoka kimya. Lakini kipimo chao kilikuwa kimoja. Mwenendo wa Charles mwenyewe katika miaka hiyo haukuwa neno la kumzuia yeye kuoa. Kezilahabi ameonyesha kwa mtu huyu mmoja kwamba elimu ya shule na mavazi mapya havitoshi kuung'oa ubaguzi. Huubadilisha sura, na mara nyingine huufanya uwe mgumu zaidi kutambulika.

Rosa alijiua. Kisha mwandishi akafanya jambo lisilo la kawaida katika riwaya za wakati ule: aliipeleka kesi mbele ya Mungu, baba na binti wakasimama wakishtakiana. Wako waliouona mwisho huo kuwa wa ajabu usiopatana na sehemu nyingine za kitabu. Walakini una maana yake. Mwandishi alitambua kwamba katika Namagondo hapana baraza ambapo binti aweza kumshtaki baba yake. Wazee wa baraza ni baba wenyewe. Akalitafuta baraza ambamo Zakaria si mwenyekiti, na duniani hakuliona. Hata hivyo kesi hiyo ya mbinguni ni kesi ya baba na binti. Mkuu wa chuo hayumo. Charles hayumo. Shtaka lililokuwa limeenea katika jamii nzima likarudishwa kuwa ugomvi wa nyumba moja.

Kitabu chenyewe kilipatwa na yale yaliyompata Rosa. Kwa muda kilizuiwa kusomwa shuleni, kwa sababu kilitaja waziwazi mambo ya mwili na mimba zilizotolewa. Baadaye kizuizi kiliondolewa, na vizazi vingi vya wanafunzi vimekisoma. Msomaji aweza kuona kwamba wakubwa wa elimu walilitenda jambo lile lile alilolitenda Zakaria: waliikuta barua mikononi mwa wasichana, wakaichukua. Yafaa pia kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1971 Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ndoa, ambayo ilitamka kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Kwa sheria hiyo Regina alikuwa mke mwenye haki ya kutoguswa. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa kutimiza miaka 18. Riwaya na sheria zilitoka pamoja, na zote mbili zilikuwa na nia njema na hesabu mbili: moja ya mwanamume, moja ya mwanamke.

Sasa yafuata swali gumu. Wafikiriwe baba wawili walioisoma Rosa Mistika. Wa kwanza asema: Zakaria alikosea, binti yangu nitamlea kwa maneno, nitamwamini, nitamfundisha. Wa pili asema: tazama yaliyompata msichana aliyeachiliwa kwenda mbali, wangu sitampeleka popote. Mwandishi, hapana shaka, alimwandikia wa kwanza. Lakini wa pili naye amepata ushahidi wake katika kurasa zile zile. Shtaka lampinga, hukumu yamwunga mkono. Zakaria alihofu kwamba binti yake akiachwa atapotea. Binti aliachwa, akapotea. Riwaya iliyokusudiwa kumkanusha Zakaria ikamthibitisha.

Watetezi wa riwaya watajibu kwamba mtunzi hakuwekwa kuutia ulimwengu sukari. Kwamba wasichana namna ya Rosa walikuwako na wangali wako. Na kwamba kumpa Rosa mwisho mwema kungekuwa uongo. Jibu hili lina nguvu, nalo halifai kudharauliwa. Hata hivyo ukweli wa jambo moja si ukweli wa kanuni. Yuko mwanamke wa Kiunguja aliyetoka kijijini akaenda mjini bila ya kinga ya baba wala mume, naye alikuwa mtu wa kweli: Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye kabla ya kujulikana aliuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Mjini alidharauliwa kwa nasaba yake na kwa sura yake, na maneno ya kejeli yaliimbwa juu yake. Lakini mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na mpaka alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limefika kila bandari ya pwani hii. Shaaban Robert aliandika wasifu wake katika miaka ya 1950. Kwa hiyo watunzi wa riwaya waliokuja baadaye walikuwa na mfano wa Kiswahili mezani pao, ulioandikwa na mkubwa wao katika sanaa, wa mwanamke ambaye ulimwengu ulimfunza naye akaufunza ulimwengu. Walichagua mfano mwingine. Uchaguzi huo ni haki yao, lakini ni uchaguzi, wala si amri ya ukweli.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilitoka mwaka 1980, nayo ilisomwa sana katika shule za sekondari za Kenya. Pale baba si mlevi fukara bali ni mtu mkubwa: Bwana Maksuudi, tajiri na mtaka uongozi, mwenye heshima barazani na uchafu gizani. Mkewe Tamima na binti yake Maimuna wamefungiwa ndani katika utawa usio na dirisha. Mwandishi anaonyesha vizuri kwamba utawa huo hauna asili katika dini wala katika mila, ijapokuwa Maksuudi huzitaja zote mbili. Asili yake ni siasa. Mwanamume ajengaye jina mbele ya watu ahitaji nyumba isiyotoa sauti. Mke na binti wanyamavu ni sehemu ya kampeni yake. Usiku Tamima aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, amri ya mume ya kwamba mtu asiingie wala asitoke ilisimama baina ya mzazi na mkunga. Mkunga Farashuu akaitwa kwa siri. Maksuudi alipomkuta hakutazama uhai uliookolewa; alitazama amri iliyovunjwa, akampiga mke na kumpa talaka.

Tukio hilo moja lina thamani kuliko hotuba nyingi. Laonyesha kwamba ubaguzi wa wanawake si jambo la matusi na madharau tu, ambayo mtu aweza kuyavumilia. Ni jambo la uhai na mauti. Pia laonyesha jambo ambalo riwaya nyingine hulificha, yaani kwamba utawala wa wanaume hufanya kazi kwa mikono ya wanawake. Farashuu si malaika. Binti yake mwenyewe, Mwanasururu, aliwahi kuwa mke wa Maksuudi na kudhulumiwa naye, na mama anakitafuta kisasi. Lakini Maksuudi hafikiki. Aliye karibu ni Maimuna. Basi chuki ya mwanamke aliyeonewa na mwanamume ikamwangukia msichana asiye na hatia, kwa sababu huyo ndiye aliyeweza kufikiwa. Kila jamii yenye dhuluma ya namna hii huwa na mtiririko kama huo: uchungu hushuka kama maji, ukamwishia aliye chini kabisa.

Na Maimuna akaenda njia ya Rosa: kutoka nyumbani kwa baba, mpaka kwenye nyumba ya ulevi na ukahaba, kwa kuwa msichana aliyefungiwa hakujua njia ya sokoni sembuse njia ya dunia. Tofauti ni kwamba Said Ahmed Mohamed hakumwua. Alimnyanyua tena, akampa mume na maisha mapya, na Maksuudi akaporomoka kutoka katika cheo chake. Hukumu, kwa hiyo, imekaribia shtaka kuliko katika Rosa Mistika: mwenye kosa naye amelipa. Hii ni hatua. Lakini yafaa kutazama namna Maimuna alivyonyanyuliwa. Aliingia katika utu kwa mlango wa ndoa. Baba mbaya alimtoa, mume mwema akamrudisha; baina ya wanaume hao wawili hapakuwa na ardhi aliyoweza kusimama juu yake kwa miguu yake mwenyewe. Swali la mwanamke linakuwa swali la kumpata mwanamume aliye bora, nalo si swali dogo kwa mtu aliye ndani ya mateso, lakini si swali la haki. Haki haitegemei bahati ya kukutana na mtu mwema.

Ardhi hiyo inayokosekana ndiyo iliyo katikati ya Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka mwaka 1976. Rehema alizaliwa katika nyumba ya Fuad, mwenye mashamba, akiwa na ngozi nyeusi kuliko alivyotazamia baba yake. Na kwa sababu hiyo baba akamtilia shaka mama na kumtenga mtoto. Hapo yaonekana namna dhuluma mbili zinavyofumwa kama ukili: rangi na jinsia. Lau angezaliwa mwana wa kiume mwenye rangi ile, huenda angetengwa pia. Lakini tuhuma ya uzinzi ingempata mama vile vile, na mama tu. Rangi ya mtoto yawa ushahidi juu ya mwanamke, wala haiwi ushahidi juu ya nasaba ya mwanamume, ijapokuwa mababu wa Fuad nao walikuwa na historia yao katika kisiwa. Rehema alitoroka, akaangukia mjini katika maisha ya kuuza mwili, kisha akaolewa na Sulubu, mkulima fukara mwenye nguvu na moyo safi, wakalima pamoja.

Njia ni ile ile iliyokwisha kuonekana. Lakini mwandishi huyu haishii kwenye ndoa. Shamba lililokuwa la baba, ambalo Rehema na mumewe walilitolea jasho, laja kudaiwa na jamaa wenye nguvu zaidi, na msomaji ajifunza kwamba mapenzi mema hayatoshi pale ambapo mwanamke hana haki juu ya udongo anaoulima. Katika riwaya hizo tatu hii ndiyo iliyolishika shina. Fimbo ya Zakaria na makomeo ya Maksuudi ni matawi. Shina ni mali, na hasa ardhi. Mwanamke asiyeweza kumiliki hana pa kukimbilia atakapopigwa, hana cha kukataa nacho atakapoozwa kwa nguvu, wala hana cha kuuza ila mwili wake. Ukahaba ambao riwaya hizi zaupenda sana kuueleza si matokeo ya malezi mabaya tu. Ni hesabu ya mtu aliyenyimwa mali nyingine zote.

Kwamba jambo hili si la hadithi tu lilithibitishwa mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania huko Mwanza iliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Jamaa alipinga kwa hoja kwamba, kwa mila, mwanamke hutumia ardhi ya ukoo katika uhai wake lakini haiuzi. Mahakama iliona kwamba kanuni hiyo ilikuwa ubaguzi unaopingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, ikathibitisha uuzaji. Shtaka alilolitunga Mohamed Suleiman Mohamed kwa mfano wa shamba la Unguja lilikuwa limepata hukumu yake, miaka 14 baadaye, katika mji wa Bara, kwa kesi ya shamba jingine.

Kwa kupima umbali uliosafiriwa na riwaya, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, yafaa kuwekwa kando ya zile tatu. Mambo yake yatokea Unguja katika zama za mwisho za utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mzee mfanyabiashara. Aliondoka. Jamaa zake walimfungia mlango, naye akapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma katika Ng'ambo, akajuana na Denge, mpigania uhuru. Kwa kanuni ya riwaya za zamani, msichana huyu aliyevunja ndoa na kuvuka mpaka wa kabila na wa mtaa angestahili kuangamia. Haangamii. Anapata taabu, anafuatwa, anadanganywa na kuhuzunishwa. Lakini ulimwengu unaomfunza una watu wema na wabaya, kama ulivyo ulimwengu wa wanaume. Tena mlango aliofunguliwa ulikuwa wa mwanamke mwenziwe. Mwajuma, mtu wa chumba kimoja na moyo mpana, afanya kwa Yasmin kinyume cha yale Farashuu aliyomfanyia Maimuna. Katika mtu huyo wa pembeni riwaya ya Kiswahili ilipata jibu ambalo wakubwa wake hawakuliona: kwamba baina ya nyumba ya baba na nyumba ya mume pana mahali pengine pa kukaa.

Wanawake wenyewe hawakunyamaza katika miaka hiyo. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, na Zainab Burhani Mali ya Maskini mwaka 1981. Katika tamthilia, Penina Muhando alitoa Nguzo Mama mwaka 1982, ambamo wanawake wa kijiji wajaribu kuisimamisha nguzo wasiweze, kwa kuwa kila mmoja anavutwa na mzigo wake wa nyumbani. Mwisho wake ni wa kushindwa, kama wa Rosa Mistika; lakini ni kushindwa kwa namna nyingine. Hapana msichana mmoja anayeadhibiwa kwa niaba ya wengine. Kazi ndiyo iliyoshindikana, na kazi iliyoshindikana leo yaweza kujaribiwa kesho. Nguzo imelala chini, haikuvunjika. Tofauti hiyo ya hukumu ni kubwa, nayo haikuhitaji utamu wa uongo.

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Hayajapitwa. Kifungu cha Sheria ya Ndoa kilichowatofautisha msichana na mvulana katika umri wa kuolewa kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019, yaani miaka 48 baada ya sheria na riwaya ya Kezilahabi kutoka. Mpaka Novemba 2021, ambapo Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaruhusu kurejea, msichana aliyepata mimba katika shule za serikali hakuwa na njia ya kurudi katika masomo yale, na aliyempa mimba, akiwa mwanafunzi mwenziwe, mara nyingi alibaki darasani. Katika miaka yote hiyo wanafunzi walikuwa wakiisoma Rosa Mistika katika madarasa hayo hayo na kuijibia mitihani. Waliulizwa dhamira, wahusika na mafunzo. Na funzo lililoandikwa mara nyingi katika majibu lilikuwa kwamba wasichana wajihadhari. Ni funzo linalopatikana kitabuni. Lakini limetolewa katika hukumu, na shtaka limeachwa nje.

Hapo ndipo lilipo jukumu la mhakiki na la mwalimu. Riwaya hizi tatu ni nguzo za fasihi ya Kiswahili, na heshima yake haipungui kwa kuulizwa maswali. Mwanafunzi azisomaye yafaa aulize kwanza: ni nani aliyetenda, na ni nani aliyelipa? Pili: katika hadithi hii mwanamke anamiliki nini, na kingemsaidia nini siku alipofukuzwa? Tatu: mlango uliofunguliwa baada ya ule wa baba kufungwa ulikuwa wa nani? Maswali haya hayatafuti kumfunga mtunzi wala kumlazimisha amwokoe kila msichana. Yatafuta kumrudishia Zakaria, na Maksuudi, na Fuad, na pamoja nao mkuu wa chuo na Charles, deni ambalo methali ililiweka juu ya mama, na riwaya ikaliweka juu ya binti.